Harufu Iliyomfuata Nyumbani

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la chumba cha vidonda, shukuru na wala usitamani. Benchi lenyewe ni refu, la mbao, limekaliwa mpaka limeng'aa, na wanaokaa pale hawana maneno mengi. Kila mmoja ana lake alilolifunga kwa bandeji: huyu goti, yule kisigino, mwingine mgongo uliolala kitandani mpaka ukachubuka. Masikio yote yako mlangoni. Wanamsikiliza aliyetangulia analia kwa sauti gani, wapate kujua leo zamu ni ya nani.

Maana wauguzi wa chumba kile walikuwa wawili. Mmoja alikuwa binti mpole, mkono wake mwepesi, ukitoka kwake unasema asante na kweli unaimaanisha. Mwingine ndiye huyu tunayemzungumzia. Wagonjwa walimpa jina la Mama Kibano, na sidhani kama walimwonea. Akikutana na nyama iliyokufa ndani ya kidonda chako, hakukuomba ushauri. Alimwagia maji ya chumvi, akasubiri shashi ya jana ilainike, akaibandua, kisha akashika kibano chake na kuanza kuchuna kilichooza mpaka itoke damu nyekundu. Ukipiga kelele, anaendelea. Ukimtukana, anaendelea. Ukimwapia kwa mama yako mzazi, anakuambia, "Msalimie," na anaendelea.

Na vidonda vyake vilipona, hilo hata waliomchukia walikubali. Watu waliokwepa zamu yake mwezi huu walirudi mwezi uliofuata wakimwulizia wenyewe, kwa sababu kidonda kilikuwa kimegoma kwa binti mpole na harufu imeanza.

Wasichokiona wale wa benchi ni kazi inayotangulia kibano. Shashi ilifika hospitalini ikiwa robota zima, kama kitambaa cha dukani, na mtu wa kuikata vipande, kuikunja, kuipanga kwenye makopo na kuipeleka kwenye mtungi wa mvuke ikachemshwe alikuwa ni yeye. Mtungi ukiharibika, na ulikuwa na tabia hiyo, anakwenda mwenyewe kubembeleza wa chumba cha upasuaji wamkopeshe makopo mawili. Baada ya hapo ndipo anasimama, na anasimama mpaka jua linageuka. Sakafu ya saruji haina huruma na miguu ya mwanamke aliyepita miaka hamsini. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imetokeza, na chini ya soksi alijifunga bandeji za kubana kama mgonjwa mwingine yeyote. Jioni akirudi nyumbani alikuwa hoi, hata salamu anaitikia kwa kichwa.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na mguu mmoja zaidi.

Ulikuwa wa mdogo wake wa mwisho, fundi mwashi. Mama yao alifariki huyu akiwa bado anatambaa, na dada akambeba mgongoni mpaka majirani wapya wakadhani ni mwanawe. Alikua mtu wa mzaha, mdomo hauna breki, na alipenda kazi yake kwa sababu ilimpandisha juu akaona paa za watu wote. Siku ubao wa jukwaa ulipomkatikia alianguka na matofali yake, na mfupa wa muundi ukavunjika ukatokeza nje ya ngozi.

Mfupa ukishatoka nje hivyo, hauzibwi na plasta, maana chini yake kuna kidonda kinachotaka kuonekana. Daktari wa mifupa alimtia vyuma. Hivi ni vijiti vya chuma vinavyopenya ngozi mpaka ndani ya mfupa, vingine juu ya palipovunjika na vingine chini, halafu vyote vinashikiliwa na nondo moja ndefu inayobaki nje ya mguu, mchana na usiku, miezi. Wageni walioingia kumjulia hali walikunja uso. Yeye aliuita ule mtambo antena, akadai kwamba akiunyanyua kidogo dirishani anapata stesheni za nchi jirani.

Daktari hakuwaficha kitu. Mfupa utaunga, alisema, mradi uozo usiingie kwenye matundu ya vyuma. Ukiingia ukafika ndani ya mfupa, hapo tutakuwa tunazungumza habari ya kukata. Mdogo mtu hakuwa na mzaha siku hiyo. Mwashi asiye na mguu atapanda wapi?

Dawa ya matundu yale ni usafi wa kila siku, na ni usafi unaouma. Maji yanayotoka pembeni ya chuma yanaganda yanakuwa kigaga, na kigaga kikiachwa kinaziba tundu, na chini yake usaha unakosa pa kutokea unafuata chuma kwenda ndani. Kwa hiyo kila siku kigaga kilainishwe, king'olewe, ngozi ifutwe mpaka iachane na chuma. Wenzake waliotiwa vyuma walikuja benchini kwa ajili hiyo. Naye alikuja mara moja, kwa magongo, akakaa na watu. Fundi wa plasta za mifupa pale hospitalini, baba mmoja mnene anayetaniana na kila mtu, alipita akamwona. Akamwuliza anakuja kubanana na wagonjwa kutafuta nini, wakati mwenye chumba analala naye nyumba moja. Watu walicheka, Mama Kibano naye akacheka. Yakaishia hapo. Tangu siku ile hakuna jicho lingine lililoutazama mguu ule. Daktari alipokutana naye koridoni na kuuliza, alijibiwa kwamba unaendelea vizuri, na nani angemtilia shaka mwanamke yule kwenye jambo la kidonda?

Mwanzoni dada alifanya kazi hiyo nyumbani kama inavyotakiwa. Alirudi, akanawa, akachemsha maji, akatandika shashi safi kwenye sinia, na mdogo wake akauma taulo huku jasho linamtiririka. Kazi ikiisha dada alikaa sakafuni kwanza, ndipo akaenda kumwaga maji. Huwezi kumlinganisha mtu wa benchini na mtoto uliyemfundisha kutembea, tena kwa mguu huo huo.

Kisha wakaanza kulegea, na sijui nani alianza. Jioni moja, dada hata kiatu cha pili hajakivua, mdogo mtu akasema, "Leo hapaumi kabisa, dada. Pamekauka. Pumzika, tutafanya kesho."

Dada aliutazama mguu, bandeji imeshafunguliwa, kutoka pale alipokaa. Kweli, palikuwa pakavu. Kila chuma kilikuwa na kigaga chake cha kahawia, kimekaa vizuri, safi machoni. Alijua kigaga ni kifuniko. Alikuwa amewaambia hivyo watu wasiohesabika, tena kwa ukali. Lakini magoti yalikuwa yanamwaka moto na mtoto anasema haumwi, akajiambia ngoja leo nimwonee huruma. Akapitisha shashi yenye spiriti juu juu, akafunga. Kesho yake tena hapakuuma. Ikawa ndiyo desturi yao: shashi juu juu, bandeji mpya, mzaha mmoja, chai. Yeye aliita huruma. Mimi nasema huruma ilikuwepo, na uchovu ulikuwepo, na uchovu ndio uliokuwa mwingi.

Halafu ikaja harufu.

Aliisikia kwanza akiwa ameinama kumimina chai. Aliitambua papo hapo, ni harufu aliyoishi nayo nusu ya umri wake, nzito na tamu kidogo, ya usaha uliokaa. Akasonya. Akadhani ameibeba kutoka kazini. Wa chumba kile wote wana kilio hicho: harufu inaingia kwenye nywele na kwenye mishono ya sare, unaoga unaivua, unavaa unaikuta. Akaiondoa sare akailoweka, akaifua mara mbili, akaianika nje penye upepo. Kesho yake jioni harufu ikamkuta mezani vile vile. Akabadilisha sabuni. Akasuka nywele upya. Mdogo wake, ambaye siku hizo alikuwa hali vizuri na uso umemsawijika, akamtania kwamba sasa anawaleta wagonjwa wake mpaka sebuleni, ajaribu walau kuwaacha getini. Walicheka. Alipomgusa paji la uso akaona lina joto, mdogo mtu akasema ni hili bati la nyumba.

Angekuwa ni mgonjwa wa mtu mwingine, angemkamata tangu siku ya kwanza. Akiwa mlangoni mwa chumba cha vidonda aliweza kunusa na kusema yule wa tatu benchini aingie kwanza. Lakini pua yake ilikuwa imeshajihukumu yenyewe, ikaacha kutafuta mwingine.

Ilibidi apate mapumziko ndipo ajue. Siku hiyo sare alikuwa ameiacha kazini, kwa mfuaji wa hospitali. Aliamka amechelewa, akaoga taratibu, akafungua madirisha, akadeki nyumba yote kwa dawa ya sakafu. Adhuhuri aliingia chumbani kwa mdogo wake na nguo zilizokunjwa, na harufu ikampokea pale pale mlangoni. Alisimama. Sare haipo. Nywele zimeoshwa asubuhi. Alinusa mikono yake, mikono inanukia sabuni. Nguo zikamponyoka.

"Lete mguu," alisema.

Mdogo mtu alianza mzaha wa antena. Akamwona uso, akaacha. Dada alipiga magoti, akafungua bandeji. Vigaga vyote vilikuwa mahali pake, vikavu, vya kupendeza. Akabonyeza kwa kidole pembeni ya chuma cha chini, na usaha wa kijani ukapasua kigaga ukatoka, mwingi, ukitiririka mpaka kisiginoni. Akakishika kile chuma kwa vidole viwili. Kikacheza. Chuma kinachocheza ndani ya mfupa maana yake mfupa umekwisha kuliwa, na hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mdogo wake alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka bila sauti, na ndipo dada alipoelewa kwamba huyu amekuwa akiumwa siku zote hizi.

Walikwenda hospitalini kwa gari la kukodi. Picha ya eksirei ilionyesha weusi kuzunguka chuma cha chini. Daktari wa mifupa aliiinua kwenye mwanga, akauliza ni nani aliyekuwa anasafisha.

"Mimi," alisema Mama Kibano.

Daktari hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alieleza tu kwamba kesho asubuhi vyuma vinatoka, anapasua, anakwangua mfupa mpaka ulipo mzima. Akikuta uozo umeuzunguka wote, anakata chini ya goti, na anataka ruhusa yao kabla hajaanza. Mdogo mtu alimtazama dada yake kama alivyokuwa akimtazama zamani akitaka kuruhusiwa kucheza nje. Dada alitikisa kichwa kukubali.

Asubuhi, kabla mdogo wake hajachukuliwa, dada alikaa ukingoni mwa kitanda chake. Alikuwa hajalala. Alimwambia wazi kwamba aliviona vile vigaga, alijua ni nini, akaviacha.

"Na mimi nilijua inauma," mdogo wake alisema.

"Sasa mbona ulinyamaza? Mimi ningejuaje?"

"Nilikuwa nakuona ukirudi, dada. Unavua kiatu kimoja, unasinzia nacho mkononi. Ningekuambiaje inauma?"

Alitaka kumpiga kofi na alitaka kumbeba mgongoni, yote kwa mara moja. Hasira ilimpanda, ya kweli, ya kumkasirikia huyu mjinga na kujikasirikia yeye, pamoja na sakafu ya saruji na marobota ya shashi na mtungi unaoharibika kila wiki. "Wewe ni mpumbavu," alimwambia.

"Tuko wawili," mdogo mtu alijibu, na wasukuma vitanda wakaingia.

Dada hakuweza kukaa kusubiri, akaenda kwenye chumba cha vidonda akakata shashi. Kibano alimwachia binti mpole. Fundi wa plasta aliingia, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na utani. Akachukua vipande akaanza kumsaidia kukunja, vibaya, na Mama Kibano akawa anavikunjua na kuvikunja upya. Mwishowe yule baba alisema kwamba yeye ndiye aliyemfukuza mtoto wa watu benchini. Mama Kibano alimjibu kwamba aache, mtoto hakuwa akilala nyumbani kwa fundi.

Daktari alikuja mwenyewe na kofia yake ya upasuaji bado kichwani. Mguu upo, alisema. Uozo aliukuta upande mmoja, ameukwangua, na upande mwingine mfupa ulitoa damu. Lakini hakutaka washangilie. Kidonda amekiacha wazi, amekijaza shashi ndani, na kitafunguliwa kila baada ya siku moja. Nyama ikija nyekundu, mguu unabaki. Ikiendelea kufa, atamrudisha mezani, na safari hiyo hatakwangua. Mambo yote sasa yako kwenye usafishaji. Akaongeza, kwa upole, kwamba ni vizuri mtu asimtibu ndugu yake, na binti mpole angeweza kumshika huyu. Mama Kibano alisikia mabega yake yakishuka kwa nafuu, akasema sawa kabla sentensi haijaisha.

Mdogo wake ndiye aliyekataa. Alipoelezwa alisema binti ni mzuri na Mungu ambariki, ila yeye anataka yule anayewafanya watu wakimbie. Daktari alimbembeleza, akagonga mwamba.

Siku ya kufungua aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akawekwa kwenye foleni, nyuma ya mzee mwenye kidonda cha goti na mbele ya wengine wengi. Zamu yake ilipofika dada alivaa glavu na barakoa, akamwagia maji ya chumvi, akasubiri. Alisubiri zaidi ya kawaida, na binti mpole akajifanya anapanga makopo. Kisha akaibandua shashi. Kidonda kilikuwa kirefu kama kiganja, na chini kabisa, karibu na mfupa, palikuwa na kipande cha kijivu.

Mdogo wake aliyasoma macho yake. "Hapo wala hapa..." alianza.

"Nyamaza," alimkata. "Huo uongo tumeshaukoma. Kilichokufa hakiumi, kinachouma ni kizima. Ukinyamaza sitajua nimefika wapi, nitaacha kibovu au nitakata kizuri. Piga kelele, baba. Piga kelele nisikie."

Akaingiza kibano. Mara ya kwanza hakuna kitu, kipande kikatoka kama uzi. Mara ya pili hakuna kitu. Mara ya tatu mdogo wake alipiga ukelele ambao haujawahi kusikika kwenye korido ile, na zimesikika nyingi. Yule mzee wa goti, ambaye alikuwa ameshahudumiwa na anapumzika benchini, aliinuka akaondoka bila kuaga. Mama Kibano hakuacha. Aliuzunguka ukelele ule, akirudi palipo kimya na kuondoka palipo na sauti, huku machozi yanaingia kwenye barakoa na hawezi kuyafuta kwa sababu ya glavu. Mdogo mtu alimwita dada, akamwita mama, akamwita majina mengine ambayo hayaandikiki. Damu ikaja. Aliifuta, ikaja tena, nyekundu, kutoka kila upande.

Walifanya hivyo wiki baada ya wiki, kila wakati kelele ikianza mapema kidogo, mpaka siku ambayo daktari aliinama juu ya kidonda, akaona chote kimekuwa chekundu mpaka ukingoni, akasema, "Huu sikati." Akatoka kwenda kuona wengine.

Dada aliendelea kufunga bandeji. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Alimwuliza kama leo imeuma sana.

"Sana," mdogo wake alisema, sauti imemkauka. "Na jana usiku iliuma. Na ile siku uliyoleta maembe, nikakuambia sina njaa, ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Na ile siku uliyofua sare mara mbili."

Akaendelea kumtajia, moja baada ya nyingine, jioni zote alizomdanganya. Nje benchi lilikuwa limejaa, watu wanakohoa kumkumbusha kwamba wapo, na binti mpole alichungulia akarudi. Mama Kibano alivua glavu, akavuta kigoda, akakaa, akamsikiliza mpaka akamaliza.